Mwaka Bibi Harusi Alipokataa Kuwaka

Tulimzika Mzee Rajabu siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imekatika asubuhi ile ile, na sisi wanawake tulisimama kando tukiwatazama wanaume wakipokezana makoleo. Baadaye tulirudi Auburn, magharibi mwa Sydney, nyumbani kwa mpwa wake, tukala wali na mchuzi wa mbuzi tukiwa tumejazana sebuleni na kwenye kibaraza. Kila aliyesimama kumzungumzia marehemu alisema jambo lile lile: kwamba alikuwa mtu muwazi, mtu asiyeficha, ukimwona usoni umemwona moyoni. Nilikuwa nimeketi karibu na Espérance, aliyekuja na mumewe Fabien kutoka Macquarie Fields. Aliposikia maneno hayo aliinamisha kichwa akaanza kuchambua nyama kwenye mfupa kama mtu aliyepewa kazi. Mimi nilimpenda Mzee Rajabu. Nilimpenda hadi siku aliyofariki, na siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake nikimkatia chungwa. Lakini muwazi? Hapo ndipo mwaka ule wa korona uliponirudia, mwaka niliojifunza kuwatazama watu mikono badala ya macho.

Nilikuwa mwanafunzi wa mipango miji, mgeni bado katika jiji la Sydney, nikiishi Kensington katika nyumba ya kupanga tulimojazana wanafunzi wa Kiafrika karibu na chuo. Korona ilipoingia, mkahawa niliokuwa nikifanyia kazi ulifungwa, masomo yakahamia kwenye kompyuta, na wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Mtu wa Tanga akaniambia kuna mzee wa Muheza, fundi wa bodi za magari, ana chumba juu ya gereji yake Auburn na anatafuta mpangaji asiye na makuu. Nilipofika, Mzee Rajabu alitoka chini ya gari akijifuta mikono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha iliyonifanya nijisikie nimefika mahali. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililotazama njia ya treni. Harufu ya rangi na tina ilipanda kwa ngazi saa zote, ikaingia kwenye nguo zangu, kwenye mkate, hata kwenye chai. Kutoka kwenye ngazi hizo kulikuwa na kidirisha kidogo cha kioo kilichoangalia gereji yote chini. Asubuhi ya kwanza nilipochungulia hapo, nililiona gari jeupe lisilo na vioo wala taa, limejengewa ndani kizimba cha mabomba ya chuma, na mlangoni limeandikwa kwa mkono: Bibi Harusi.

Timu ile ilizaliwa kwa bahati. Mteja mmoja alileta gari lake kuukuu lililogongwa, hakurudi kulichukua, na likakaa uani likiota majani. Fabien, Mrundi aliyekuwa fundi msaidizi wa Mzee, alikuwa akienda Jumamosi kutazama mbio za magari kwenye uwanja wa udongo nje kabisa ya jiji, upande wa magharibi. Kule magari ya kawaida ya zamani huvuliwa kila kitu, yakafungwa mabomba, kisha yakazunguka kwenye duara la matope yakigongana ubavu. Akamshawishi Mzee. Rangi nyeupe ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye makopo, ndiyo maana gari likawa jeupe na kupata jina hilo. Matairi yalikuwa yale ambayo timu nyingine zilikwisha kuyatupa. Kiti kilitoka kwenye gari la mtu aliyeacha mbio. Fabien ndiye aliyetaka kuendesha, lakini siku ya kwanza ya mazoezi, katika uwanja mtupu, mkewe aliomba ajaribu kwa mzaha, na akamshinda. Alimshinda vibaya. Espérance, anayewaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mama aliyekulia kwenye kambi za wakimbizi Kigoma, alilitupa lile gari kwenye kona kama anayegeuza chapati. Kuanzia siku hiyo Fabien alimwachia kiti, akawa anamwita Simba mbele ya watu, na akajibakizia leseni ya dereva wa akiba. Nadhani hakuna mwanamume niliyewahi kumwona akijivunia mkewe namna ile.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili wa korona, uwanja ukiwa umefunguliwa kwa masharti, niliingia kwenye timu bila kuombwa. Nilikuwa nashuka kunywa chai na Mzee, nikapewa msasa nisugue, kisha spana nishike, kisha nikawa mtu wa kuandaa chakula cha Jumamosi na kukaa kwenye trela nikilinda vifaa. Tulikula gerejini, kwenye meza iliyotengenezwa kwa boneti ya gari. Espérance alileta ndagala, wale dagaa wa kwao, wa kukaanga na mboga za lengalenga, mimi nikasonga ugali kwenye jiko la umeme la sahani moja, Mzee akaleta mkate wa Kituruki wa moto kutoka duka la jirani akidai ugali bila mkate hausogei. Tulikuwa watu wanne, na kwa muda mfupi sana tulikuwa kitu kimoja.

Kisha Bibi Harusi akaanza kukataa. Mbio za kwanza, magari yote yamepangwa, yetu likazimika kabla ya bendera. Tulilisukuma pembeni huku watu wakipiga honi, na Fabien akakuta waya wa koili umechomoka. Tulisema ni mtikisiko wa trela. Jumamosi iliyofuata liliwaka, likaenda nusu duara, likafa. Kwenye bomba la mafuta kulikuwa na kitambaa kimesokomezwa. Hapo hatukusema mtikisiko. Fabien alikitoa kile kitambaa kwa koleo, akakishika juu, akatutazama mmoja mmoja. Mzee alikichukua akakitia mfukoni. Kuanzia hapo gari lilifungiwa ndani wiki nzima, na funguo za gereji zilikuwa kwa watu watatu tu: Mzee, Fabien, na mimi kwa sababu njia ya chumba changu ilipitia humo humo. Mbio za tatu, gari halikuwaka hata kwenye trela. Fabien alifungua kifuniko cha distributa, chombo kinachogawa umeme kwenye plagi, akakuta ile rota ndogo inayozunguka ndani haimo. Kitu chenyewe kinakaa kiganjani. Hakikuanguka, hakiwezi kuanguka. Kuna mtu alikifungua, akakichukua, akafunika tena vizuri.

Nakumbuka tulivyorudi siku ile. Kiyoyozi cha gari la Mzee kilikuwa kibovu, madirisha yamefunguliwa, upepo wa moto ukiingia toka uwanjani hadi Auburn. Tulipofika, Fabien hakushuka kufungua trela. Alisimama mbele yangu.

"Zuhura, wiki iliyopita ulikuwa unaongea na yule mzungu wa timu ya magari mekundu. Niliona. Mlikuwa munacheka."

"Aliniuliza kama nataka kazi ya kuuza vinywaji uwanjani," nikasema. "Mkahawa wetu ulifungwa, ninatafuta kazi. Nimsalimie kwa kununa?"

"Bon, haya. Na ni nani analala na ile gari chini ya kitanda yake kila siku? Ni mimi? Mimi ninalala Macquarie Fields."

"Fabien," Espérance alisema taratibu, "wacha."

"Siwezi wacha! Kabla yeye hajakuja, ile gari ilikuwa inawaka."

Nilimgeukia Mzee. Nilimtegemea aseme neno moja, hata kama ni la kumtuliza tu. Alikuwa anafungua kamba za trela, na aliendelea kuzifungua, kwa utulivu, fundo baada ya fundo. Mwishowe alisema, "Mwanangu, kwa sasa huo ufunguo wa gereji nipe mimi. Utapitia mlango wa nyuma, wa uani; nitauondolea kufuli. Si kwamba nakushuku. Ni ili maneno yaishe." Nikampa. Maneno hayakuisha. Mtu akinyang'anywa ufunguo mbele ya wenzake, hakuna tena haja ya kumtaja mwizi.

Nilibaki kwenye chumba kile kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na nikaanza kuwa mpelelezi. Leo naona aibu kidogo kwa jinsi nilivyosikiliza kwenye kuta, lakini ukishukiwa, masikio huota yenyewe. Chumba changu kilipakana na kiofisi cha gereji kilichokuwa huko huko juu, na ukuta wake ulikuwa ubao mwembamba. Mchana mmoja, Mzee akiwa msikitini, nilimsikia Fabien akizungumza kwa simu, Kiingereza chake kikiwa kigumu na cha adabu: kwamba dereva anaye, kwamba ni mzuri kuliko gari analoendesha, kwamba boss hajui na asiambiwe kwanza. Kisha akapiga simu nyingine kwa Kirundi, nikadaka maneno machache tu ya Kiswahili yaliyopenya: "usimwambie mzee." Niliketi kitandani. Basi ndiye yeye, nikajiambia. Anaiua timu ili ampeleke mkewe kwenye timu ya magari mekundu, na mimi ndiye wa kubebeshwa. Nilimwambia Mzee jioni ile tukinywa chai ya tangawizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake, akasema, "Kumtafutia mke gari zuri na kuharibu gari la mwenzako ni vitu viwili tofauti, Zuhura." Sikumwelewa. Nilidhani anamtetea kwa sababu ni fundi wake.

Halafu jiji likafungwa. Wanaosema walifungiwa pamoja hawakuwa upande wetu. Watu wa ufukweni walitembea na mbwa na kunywa kahawa juani, nasi huku magharibi tulihesabiwa kilomita za kutembea, tukavaa barakoa hadi nje, helikopta ikizunguka juu ya paa na sauti kutoka angani ikituambia turudi majumbani. Askari na wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba. Majirani waliokuwa wakiazimana sukari walianza kupigiana simu polisi. Siku moja maofisa wawili walibisha gerejini, wameambiwa kuna watu wanakusanyika humo. Walimkuta Mzee peke yake akipaka gari la kusambazia mikate, kazi aliyoruhusiwa kuifanya, wakaomba radhi wakaondoka. Alipofunga mlango aliniangalia pale juu kwenye ngazi. Sekunde moja tu. Lakini niliijua ile sekunde: ya kujiuliza nani amewapigia simu. Nikaingia chumbani, nikafungua kompyuta, mwalimu akawa anaeleza jinsi ya kubuni mitaa ambayo watu watakutana kwa furaha.

Fabien hakuweza kuja. Macquarie Fields ilikuwa mbali kupita mipaka iliyowekwa. Espérance aliweza. Nyumba ya wazee aliyofanyia kazi ilikuwa karibu na Auburn, alikuwa na kibali, na alipotoka zamu ya asubuhi alipitia kumletea Mzee chakula. Alikiweka mlangoni, wakasalimiana kwa mbali, Mzee akaenda kuswali na kulala kidogo chumbani kwake uani, kisha Espérance akasema anasubiri treni. Mara ya kwanza nilipomwona kupitia kidirisha cha ngazi, amevua viatu na kuingia ndani ya Bibi Harusi, nilijua nimempata mharibifu. Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma, limefunikwa turubai nusu. Alipita dirishani kama wanavyopita madereva, akaketi, akashika usukani. Nikangoja aanze kuchokonoa kitu. Hakuchokonoa. Alikaa tu. Akafunga mkanda, akafungua; akafunga, akafungua; tena na tena, haraka haraka, kama mtoto anayejifunza vifungo. Kisha akaondoka. Siku nyingine akarudia hivyo hivyo. Nilishindwa kuelewa ninachokitazama, na nilikuwa nimechoka kutazama. Mara ya tatu nikashuka.

Aliposikia ngazi alijaribu kutoka, mguu ukanasa kwenye bomba. Nikasimama mbali, barakoa usoni, nyuma ya boneti yetu ya kulia chakula.

"Da Espérance, unafanya nini humo?"

Aliurudisha mguu, akakaa tena. Alikuwa bado na sare yake ya kazi, ile ya buluu, na usoni alama za barakoa zimemkata mashavu. Alitia mkono mfukoni, akaiweka ile rota kwenye ukingo wa dirisha, penye mwanga, nikaiona.

"Ni miye," alisema. "Waya ni miye. Kitambaa ni miye. Na hii, kwa ufunguo wa Fabien."

Nilijua ningepaswa kupiga kelele, nimwite Mzee aamke. Badala yake nilivuta ndoo nikaikalia. Nikamuuliza tu, "Kwa nini?"

Akanieleza akiwa bado amekaa humo humo ndani ya kizimba. Msimu wa kabla sijafika, gari lilipinduka na kulala juu chini. Hiyo niliijua, Fabien aliisimulia kila mara kama hadithi ya ushujaa, jinsi Simba alivyotoka akapungia watu mkono. Ambacho Espérance hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba mkanda uligoma. Alining'inia kichwa chini, matope mdomoni, mafuta yanadondoka mahali fulani karibu na sikio lake, na kifungo hakifunguki, na watu nje wanashangilia gari jingine wakidhani yeye ametulia tu kusubiri. Kisha kikafunguka, akatoka, akapunga mkono kwa sababu mumewe alikuwa anakimbia kuelekea kwake akilia kwa fahari.

"Nikarudi kazini Jumatatu, nikasema itapita. Halafu korona ikakuja. Wazee wangu wanakufa, Zuhura, na familia zao wako nyuma ya dirisha, miye ndiye ninashika mikono. Kuna mama moja aliniuliza, 'Mlango uko wapi?' Mlango ulikuwa mbele yake. Kila mara nikiingia hii gari ninasikia ile sauti yake. Kila Jumamosi ninaomba Mungu isiwake. Halafu nikaona Mungu ana kazi mingi, nikaanza kumusaidia."

Alicheka, kisha hakucheka tena.

"Ungemwambia Fabien."

"Fabien anasema nini kwa watu? Bibi yangu haogopi kitu. Kule kambini alinioa juu ya hiyo. Kila mtu alikuwa anaogopa, miye nilikuwa siogopi. Sasa nimwambie nini? Niko nani?"

Na mimi je, nikamuuliza. Mimi niko nani, ambaye mumeo ananiita mharibifu, ambaye nimepokonywa ufunguo, ambaye mzee wa nyumbani kwetu hanitazami tena sawasawa? Alifunika uso kwa mikono akasema anajua, kila siku anajua, na kwamba kila alipopita kuleta chakula alikuwa anapita ili apande ngazi aniambie, na kila mara akaishia humo garini. Akaniomba nisiseme. Nilimjibu kwamba sitasema, kwa sababu si langu kulisema. Atasema yeye. Na kwamba nitakuwa namtazama. Sikuyatamka kwa upole. Nilipopanda ngazi, moyo wangu haukuwa mwepesi hata kidogo. Sasa nilijua ukweli, na bado nilikuwa namshuku aliyenipa ukweli huo, kwamba huenda akaukana.

Wiki ziliendelea. Aliendelea kuleta chakula, hakuingia tena garini, na hakusema. Masika ya huku yakaja, maua ya zambarau yakaanguka juu ya mabati ya gereji, masharti yakalegezwa, treni zikajaa tena. Uwanja ukatangaza siku ya mbio, za mchana, mashabiki wachache. Mzee alipika pilau kutukusanya. Fabien aliingia akiwa amenenepa na kufurahi, akamkumbatia Mzee muda mrefu, akanipa mimi ncha za vidole. Tulikula kwa sahani tofauti, milango wazi, kila mtu na kiti chake. Kulikuwa na kachumbari, ndizi, na mkate wa Kituruki.  Kisha Fabien akafuta mdomo.

"Mzee, nasema mapema ili tusigombane. Jumamosi hii Zuhura abaki nyumbani. Tujaribu tu. Gari ikiwaka, tutajua."

Mzee alikuwa anatafuna. Sikumtazama Espérance. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imeshika tonge, na tonge halikupanda.

"Hata akibaki haitawaka," alisema. "Ni miye nilikuwa ninaizima."

Fabien alitabasamu. Alidhani ni mzaha, na alitutazama sote apate wa kucheka naye. Espérance akaanza kumwambia, kwanza kwa Kiswahili, kisha akahamia Kirundi, na mimi na Mzee tukainuka tukaenda uani. Kupitia mlango nilisikia sauti ya Fabien ikipanda, ikakatika, ikapanda tena. Alipotoka alipita mbele yangu bila kuniona, akaenda kusimama karibu na matairi yaliyochakaa, ametugeuzia mgongo. Mzee alimwendea, akamwekea mkono begani. Hakuna aliyenijia mimi.

Jumamosi ile Fabien aliendesha mwenyewe. Nadhani alitaka kumwonyesha mkewe kitu, au kujionyesha, sijui. Aliingia kwenye gari amekaza taya, na Espérance ndiye aliyemfunga mkanda, akauvuta, akaufungua, akamfunga tena, akamwelekeza kifungo kilipo bila kuangalia. Rota ikiwa imerudi mahali pake, Bibi Harusi aliwaka pale pale. Bendera ikashuka, na magari yote yakajitupa kwenye kona kwa pamoja, matope yakapanda kama ukuta, na mshindo ule ukatupiga kifuani hadi tuliokuwa nje ya uzio. Fabien alikuwa amewahi kuzunguka uwanja mtupu. Hakuwa amewahi kuwa ndani ya hayo. Gari jekundu lilimgusa ubavu, akayumba, akapunguza. Lingine likamgusa. Tukaliona gari letu, ambalo tulikuwa tumeliosha likawa jeupe kama sahani, likizidi kurudi nyuma, likitambaa kwenye ukingo wa nje, peke yake, wenzake wakilipita na kulipita tena. Karibu nami Espérance alikuwa amejishika tumbo akinong'ona, "Toka, toka Fabien, inatosha." Hakutoka. Alimaliza wa mwisho kabisa. Alipopita dirishani na kushuka, alikuwa mwekundu wa matope tangu shingo hadi viatu, na hakuweza kufungua helmeti mwenyewe. Mkewe akamvulia. Fabien akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Humu ndani mtu hawezi kusikia hata yeye mwenyewe." Kisha akakaa kwenye nyasi, na Espérance akakaa naye, wakawa wanaegemeana kama watu waliotembea safari ndefu. Kwangu mimi Fabien hakuwahi kutamka neno la kuomba radhi. Mwezi uliofuata alikuja na kunifungia rafu za vitabu chumbani, hakuna aliyemtuma, zikiwa zimepigwa msasa laini kuliko nilivyowahi kuona mbao, na nikakubali kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake.

Ila bado nilikuwa na swali, na swali hilo halikumhusu Fabien. Kesho ya mbio zile, Jumapili, mimi na Mzee tulikuwa uani tunaliosha gari kwa mpira wa maji. Udongo mwekundu uliteremka kwa mikondo hadi kwenye mfereji. Nilikuwa nasugua chini ya mlango, nikasema bila kuinua kichwa:

"Mzee, siku ile Da Espérance alipojitaja, hukushtuka."

"Nimeshazeeka. Hushtuki sana ukizeeka."

"Ulijua?"

Maji yaliendelea kumwagika mahali pamoja muda mrefu, hata rangi ikaanza kuonekana.

"Nilishuku," alisema. "Adui angelegeza gurudumu. Angekata breki. Huyu alikuwa analizima gari tu, asiumie mtu. Nikajiuliza, nani anamwonea huruma dereva kiasi hicho?"

"Tangu lini?"

"Tangu kitambaa."

"Kabla ya rota. Kabla hujachukua ufunguo wangu."

"Ndiyo."

"Na ukaniacha."

Alifunga maji. Alikuwa mtu mzima, mwenye kanzu iliyoloa miguuni, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta pa kuweka mikono yake. "Ningemtaja," alisema, "Fabien angevunjika, mke angevunjika, timu ingekufa siku ile ile. Nilisema nimpe nafasi aseme mwenyewe. Wewe nilikuona una nguvu, mwanangu. Nikasema huyu atastahimili. Dereva nisingempata mwingine." Hakumalizia upande wa pili wa sentensi hiyo, lakini niliumalizia mwenyewe: mpangaji hupatikana. Nilimwambia kwamba nimekasirika. Akasema nina haki. Nilimaliza kuosha ule mlango, kwa sababu nilikuwa nimeuanza, na mwanzoni mwa mwaka mpya nikahamia tena Kensington. Yeye ndiye aliyenibebea godoro hadi kwenye gari, akihema, akikataa kusaidiwa. Timu iliendelea msimu mmoja zaidi na dereva wa kuazima, kijana wa Kikenya aliyependa sana kugonga, kisha Bibi Harusi akauzwa vipande vipande na gereji ikawa mahali pa mazoezi ya viungo. Miaka yote iliyofuata nilikuwa nakwenda kumsalimia Mzee. Nilimpenda kwa kujua. Sijui kama ni upendo mdogo kuliko ule wa mwanzo au mkubwa zaidi. Najua tu kwamba alipokuwa akinisifia mbele ya watu, sehemu moja ndani yangu ilikuwa inauliza anataka nistahimili nini tena.

Jioni ile ya maziko, baada ya wageni kupungua, mimi na Espérance tulikuwa jikoni tunaosha sahani. Nje watu walikuwa bado wanamsifu. Aliniuliza bila kunitazama, "Zuhura, unafikiri Mzee alikuwa anajua? Ile wakati?"

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa siku ya kusema hapana. "Alijua," nikamwambia. "Aliniambia mwenyewe. Alijua mapema."

Alisuuza sahani ile ile mara mbili. "Donc, basi tulikuwa wawili," alisema mwishowe. "Tulikuacha peke yako, sisi wote wawili."

"Ndiyo," nikasema. "Wote wawili."

Hakuomba nimfariji, nami sikumfariji. Tulikausha vyombo, tukavipanga, tukaagana na wenye nyumba. Espérance na Fabien walisisitiza kunirudisha kwangu, ingawa njia yao haikupita huko. Espérance alishika usukani, Fabien akakaa pembeni yake, mimi nyuma. Barabara kuu ilikuwa wazi, na yeye alikwenda polepole, polepole kuliko kibao kilivyoruhusu, mikono miwili kwenye usukani, magari mengine yakitupita na kutupigia honi. Fabien aliangalia nje. Hakuna kati yetu aliyemwambia aongeze mwendo.